Ndiyo ya Bi Mbodze

Mvua ya Bulford hainyeshi, inanyunyiza,
kama mtu anayepiga pasi sare isiyo yake.
Langoni askari akanivisha kadi ya mgeni.
Miaka kumi na tisa nalipa kodi Wiltshire;
nikaivaa.

Kazi yangu ni kinywa. Nakodishwa kwa saa,
nauli juu yao, chai juu yangu.
Nimeapa: sitatia chumvi, sitapunguza.

Sajini Pryce aliingizwa kwa mwendo wa gwaride,
kichwa wazi, medali mbili,
kisigino cha kushoto kikichelewa kidogo.
Goti hilo, walisema, aliliacha vitani.
Mbele yake jopo la maafisa, mikunjo ya suruali kama wembe,
na hakimu wa wigi, asiye na nyota begani,
ambaye wote humsimamia.

Shtaka: kumpiga aliye chini yake.
Machi kumi na moja, nyuma ya gereji za nyumba za familia,
Private Oddy, miaka kumi na minane, taya.
Oddy mwenyewe alisema aliteleza.
Alisema hivyo akizitazama buti za sajini,
nazo ziling'aa hata nikajiuliza
nani aliyezipiga rangi.

Akabaki shahidi mmoja.
Bi Mbodze wa Kaloleni, mkwewe ni fundi wa vifaru.
Alikuja kulea mjukuu, akapewa dirisha la jikoni
na chupa za maziwa za kuosha.
Tangu aandike maelezo yake
jirani hawajibu salamu,
na pipa la taka la mkwewe hulala barabarani
hadi alifuate mwenyewe usiku.

Wakili wa utetezi alikuwa na sauti ya siagi.
"Mama, hukuuona mkono wa sajini ukimgusa kijana?"
Nikaugeuza mkono ule, nikampa.
Akajibu: "Ndiyo."

Hapo ulimi wangu ukasimama.

Ndiyo yetu huyakubali maneno yalivyosemwa:
ndiyo, sikuuona.
Ndiyo yao huliendea jambo lenyewe:
ndiyo, niliuona.
Herufi tano, na ndani yake
kuna mlango wa kutokea na mlango wa selo.
Nilikuwa nimeliona taya la Oddy, limekaa upande
kama droo isiyofunga.
Ningeliachia tu neno lianguke kama lilivyo.
Nani ndani ya chumba kile angejua?

Nikasema kwa Kiingereza: hapana, hakuuona.

Wakili akaketi, akapanga karatasi.
Pryce akashusha pumzi puani.
Nami nikatamani kuirudisha nauli yao.

Lakini Bi Mbodze hakuwa amemaliza.
"Mkono sikuuona," akasema, "ulikwenda mbio.
Niliona kichwa cha mtoto kinarudi nyuma.
Kisha nikamwona yule bwana anavipuliza vidole,
fuu, fuu,
kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa."

Wakili akasimama: inatosha, ahsante.
Hakimu akainua kalamu: aendelee.
Nikaipeleka ile sufuria ng'ambo, pamoja na moto wake,
na fuu, na fuu,
kwa maana nimeapa.
Afisa wa mwisho mezani, msichana wa nyota moja,
akavitazama vidole vyake.
Husemwa kwamba katika jopo mdogo hupiga kura kwanza,
asije akaitafuta kura yake usoni pa mkubwa.

Uamuzi sikuusikia. Kinywa hulipwa hadi shahidi anaposhuka.
Wiki mbili baadaye mkwewe alinipigia simu:
cheo kimevuliwa, siku tisini kizuizini Colchester.
Oddy? Oddy alishaacha jeshi.
Na pipa? Akacheka kidogo. Pipa bado.

Siku ile, kituo cha basi, Bi Mbodze alikuwa akifunga vifungo vya koti,
koti la binti yake, mikono mirefu.
"Uliwaambia nilivyosema?"

Nikatafuta jibu katika lugha zangu zote mbili.

"Ndiyo," nikasema.
Akaniangalia kwa kitambo, kama anayepima
ni ndiyo ipi.
Kisha akaliuliza basi.