Saa Moja kwa Saa Moja

Kanda haina haraka.
Harusi ya saa tatu itanakiliwa kwa saa tatu.
Haijali kwamba kompyuta yangu ni mpya
na kazini nimeomba ruhusa ya siku mbili tu.

Kamera nimeiazima kwa Mfaume, fundi wa Masasi, kwa masharti:
nisiilaze juu ya friji,
nisiipulize kwa mdomo,
na mlango wa kaseti ukigoma
nisiulazimishe, niubembeleze.

Kanda kumi na moja ndani ya boksi la viatu,
uvunguni, hapahapa Chikongola, masika ishirini na saba.
Mbili zimeota ukungu mweupe kama mkate.
Nimezifuta kwa spiriti na pamba za masikio,
nimezianika kivulini, nikawafukuza kuku.

Waya wa njano, picha.
Mweupe na mwekundu, sauti.
Nabonyeza. Skrini inakuwa buluu,
kisha mistari, kisha mvua ya chenga,
kisha mtu anacheka kabla uso wake haujafika.

Baba hakuwahi kurekebisha saa ya kamera.
Chini, pembeni, tarakimu zinashikilia lao:
tarehe moja Januari, saa sita usiku.
Basi Newala watu walioana saa sita usiku, jua utosini;
mjomba Likanawe alimenya ming'oko saa sita usiku
huku amefinya macho kwa mwanga;
dunia yetu nzima ilitokea siku moja,
na kila betri ilipobadilishwa, ikaanza upya.

Mama amevuta mkeka, kiti hakitaki.
Mtoto wa Bi Somoe, yule aliyevuka Ruvuma asirudi,
anasogea mpaka pua inajaa kioo:
"Shikamoo!"
"Marahaba," anaitikia mama,
halafu anakohoa kidogo,
kama mtu aliyechelewa kufungua mlango.

Baba mwenyewe haonekani.
Yumo kwenye pumzi,
kwenye kidole kilichoziba nusu ya bibi harusi,
kwenye "sogeeni, sogeeni, huyo mrefu ainame."

Kanda ya saba, dakika ya arobaini, umeme umekatika.
Nimeirudisha mwanzo. Wamezaliwa tena, wameolewa tena.

Kanda ya tisa aliiweka kamera chini, akasahau kuizima.
Dakika ishirini na mbili za nyasi.
Sisimizi wamebeba punje ya wali.
Ndala inapita. Ndala inarudi.
Na sauti, mbali kidogo na ngoma:

"Laki na nusu, Nampunda. Pamoja na begi lake."
"Ongeza. Betri zote mbili zinakaa na chaji."
"Waiuzia nini? Watu wanakuita mpaka Tandahimba."

Kimya. Punje imekwama kwenye shina la jani.

"Mtoto kachaguliwa kidato cha kwanza."
"Yule wa kike?"
"Huyohuyo."

Sisi tuliambiwa kamera iliibwa kwenye basi.
Mwizi yule nimemlaani miaka,
kila nilipopita stendi na begi la shule;
nilimpa hata kovu shavuni.

Namtazama mama. Mama anatazama sisimizi.
"Ulijua?"
"Mbona wamepauka hivyo?" anasema. "Ongeza rangi."

Kompyuta inalalamika kuwa nafasi imekwisha.
Mdogo wangu, kwenye simu, ana jibu tayari:
"Si uzikate hizo nyasi, dada? Bakiza harusi."
Nimefuta picha za semina,
nimefuta filamu mbili nilizozipenda.
Nyasi nimeziacha zilivyo, na ndala zake,
na faili nimeliita Nyasi.

Bado kanda mbili.
Mama amesinzia palepale, mkono kwenye boksi.
Ukutani saa imefika sita usiku.
Kwenye skrini, pia.