Daftari la Mapigo

Daktari wa Wete aliniambia: hesabu.
Nikanunua daftari dogo,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
nikalitundika kwa uzi karibu na meko.

Jumatatu: mia na nne.
Kichwa ukutani, ngumi sikioni,
meno kwenye kifundo kile kile cha mkono
penye sugu ngumu kama gamba la kaa.
Jumanne mengine yalinipata mimi,
sikujua niyaandike safu gani.

Majirani: ana shetani, akapungwe.
Mjomba wake: mfunge kamba.
Msimu wa karafuu Kangagani nzima ikichambua,
majamvi ya wenzangu yalijaa vikonyo,
langu lilijaa Shaame,
miaka kumi na saba, hajapata kusema neno.

Kidonge kilikuja, kidogo kuliko punje ya hindi.
Nusu asubuhi, nusu usiku.
Nilikikata kwa wembe juu ya ubao wa vitunguu,
vumbi lake nikalilamba
nijue ninachompa.

Wiki ya tatu: arubaini na moja.
Ya sita: tisa.
Nikalifungua godoro tulilolifunga ukutani,
nikaona plasta imebonyea
kwa kipimo cha paji lake.

Lakini udenda ulimrowesha shati.
Alilala adhuhuri, akalala alasiri,
akiamka ni kula, na kuangalia sufuria.
Na ule mvumo wake, mmm, mmm,
aliokuwa akinifuatisha nikitwanga,
ulikatika.
Huo sikuambiwa niuhesabu.
Nikaenda ukurasa wa mwisho, nikaandika:
Mvumo, sifuri.

Daktari alisoma mbele, akasoma na nyuma.
Akapunguza dozi ya asubuhi.
Kisha: "Haya tisa yaliyobaki, huja saa ngapi?"
Nikapekua. Chai ya moto. Muhogo. Chai ya moto.
Daima shavu la kushoto.
Akawasha tochi, tukamshika wawili,
akafungua kinywa:
gego limeoza hadi mzizini.

Kwa hiyo ulikuwa unabisha hodi, baba,
kwa kichwa chako mwenyewe,
nami niko ndani naandika idadi.

Leo: mawili.
Sababu yake siijui.
Nusu ya usiku bado naikata kwa wembe.
Ukurasa wa mwisho:
mmoja, mfupi,
maji yalipoanza kuchemka.