Moshi wa Vilyui

Saa tisa alasiri setilaiti imepita tena.
Tuyaara anaisogeza picha: mkia wa kijivu
umevuka mto Lena, umeiruka milima,
kesho kutwa utaingia Alaska bila pasipoti.
Kutoka juu ni mzuri, aibu kusema,
kama maziwa yanapokutana na chai.

Anampigia baba yake kijijini.
"Upepo utageuka Alhamisi."
Baba anakohoa kwanza; nyuma yake
ng'ombe naye anakohoa.
"Alhamisi," anarudia, kana kwamba ni jina la mdeni.
"Na hicho chombo chenu, kinamwona
ndama wangu mweupe? Tangu jana hajarudi."

Tuyaara anakuza, anakuza.
Kijiji, zizi, baba na simu yake:
pikseli moja.

"Subiri," anasema, "bado natafuta."