Wati Tisini na Mbili

Kadi ya grafiki ilifika kwa treni ya Ereen
ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya kopo la chai,
na Ganzorig, shemeji yangu, akaapa kwa farasi wake aliye hai
kwamba haijawahi kuchimbiwa sarafu za mtandaoni.
Niliinusa. Ilinuka ghala.
Nikalipa nusu.

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani ya hema letu la sufu, meza ya chakula ni meza ya upasuaji:
skrubu kumi na moja kwenye kisosi,
ya kumi na mbili imemezwa na zulia.
Nabandua kifuniko kwa kadi ya bima,
vibanio vinaachia kimoja kimoja
kama kokwa za msonobari menoni.

Kadi kuukuu ikatoka na vumbi la miaka sita
na unywele mmoja mrefu, mweusi,
wangu, wa kabla sijazaa.
Nikaupuliza.
Kisha nikautafuta sakafuni, sijui kwa nini.

Gundi ya joto, kiasi cha punje ya dengu.
Mabomba ya shaba juu yake. Nikakaza kimshazari,
huku kidogo, kule kidogo,
kama akazaye mshipi wa tandiko
farasi akiwa amejaza pumzi tumboni kwa hila.

Ikawaka!
Farasi mia mbili na arobaini wa studio ya Busan,
ambao jana walijikokota picha moja kwa dakika tisa,
leo dakika mbili na nusu, na singa zote, na jasho lote.

Basi nikaingiwa na pupa.
Kiwandani waliifungia wati themanini.
Nani aliwatuma?
Nikasukuma kipimo hadi mia na kumi na tano,
kama mtu aongezaye chumvi kabla ya kuonja.
Feni zikapiga ukelele. Nyuzi themanini na nane. Tisini na tatu.
Mwanangu Tuguldur akageuka usingizini.
Dakika ya arobaini chaja, tofali lile jeusi, ikaanza kunuka,
kioo kikazima,
na farasi wakabaki gizani, mguu mmoja hewani.

Taa nayo ilikuwa imepepesa. Dulmaa wa hema la pili,
tunayechangia naye waya,
akagonga mlango kwa buti: "Mashine yako inatumalizia umeme!"
Nikamwonyesha hita. Wati elfu mbili,
imejikalia kimya, inasifiwa na kila aingiaye.
Akaitazama. Akavua glavu, akaota moto.
Hakuomba radhi; alikunywa chai yangu hadi saa sita usiku.

Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni
hawakusema ukingo unapimwaje.
Mimi niliupima hivi:
mia na kumi na tano, giza.
Mia na tano, saa nzima, kisha giza.
Mia, inakwenda, ila vitufe vinaunguza vidole.
Tisini na tano.
Nikapunguza na volti, kwa chembechembe, kama dawa ya mtoto.
Tisini na mbili,
na feni zikashusha sauti, kama wageni
waliokumbuka kuwa kuna mtu amelala.

Nimepoteza sekunde kumi na moja kwa kila picha.
Bibi Seo ameandika kutoka Busan: mwendo hauwezi kuongezwa?
Nikaandika: unaweza.
Nikafuta.
Nikaandika: farasi watafika Alhamisi.

Nikalala mashine ikifanya kazi,
mara ya kwanza tangu Oktoba,
kiganja changu pembeni mwake, penye uvuguvugu.

Asubuhi skrubu ya kumi na mbili ilinichoma kisigino.
Nimeitia mfukoni.
Mashine haijaiulizia.