Mizani ya Nachingwea

Sumaku yangu naifunga kwa kamba kiunoni.
Ikishika, ni chuma: mia saba kwa kilo.
Isiposhika, tunaanza kubishana.

Jana Hashiri, mtoto wa dada, kaja na simu mkononi,
hata salamu hajamaliza:
"Mama mdogo, kuna chuma huko juu."
Juu wapi, darini?
"Angani. Ukishaipita Mirihi."
Sayari ndogo, chuma na nikeli,
upana wake kama toka hapa hadi Mtwara bandarini.

Nikanyamaza. Kipimo hicho nakijua.
Ndio urefu wa ile reli
waliyoitandika kwa ajili ya karanga.
Karanga zikagoma, wakaja kuing'oa
pingili kwa pingili, babu akihesabu mataruma
kama anayehesabu mbavu za nyoka.

Chombo kimeshaondoka. Miaka sita njiani.
Kinakwenda kuchimba? Hapana.
Kubeba? Hapana.
Kinakwenda kuzunguka, kupiga picha, kuuliza.
Nikacheka hadi mizani ikatikisika:
miaka sita, ufike kwenye chuma chote kile,
usiokote hata msumari!
Waliokuja Ntaka na keekee zao
walau waliondoka na mawe kwenye masanduku.

Ila kuna mahali Hashiri alisoma mara mbili.
Kile chombo kina mlingoti,
na kwenye mlingoti kifaa cha kupima usumaku.
Wanataka kujua kama chuma kile
kiliwahi kuwa moyo wa dunia fulani
iliyogongwa, ikavuliwa ngozi, ikavuliwa nyama,
ukabaki moyo mtupu, wa baridi, unazunguka.
Kama kilikuwa moyo, anasema, kitakumbuka.
Chuma kikipoa kinabaki na usumaku wa siku ile.

Leo asubuhi vijana wawili, kiroba begani.
Kipande cha reli, kilo kumi na nne na robo.
Sumaku ikaking'ang'ania.
Noti nilishazihesabu.
Sijui kwa nini nikachukua nyundo.

Ngaaa.

Sauti ile. Darasa la pili, Nambambo,
vumbi jekundu hadi magotini,
uji unaungua, Mwalimu Nangumbi
anafuta ubao kwa kiganja.
Vijana wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Kirudisheni," nikasema. "Kabla ya mapumziko."
"Lakini ni chuma, mama."
"Najua ni chuma."

Wameondoka wakinung'unika.
Mizani inaning'inia, sindano kwenye sifuri.
Hashiri anasema huko njiani, ndani ya kile chombo,
ingesoma hivyohivyo, hata uitundike nini.

Saa nne kasoro.
Nimekalia rejeta ya Bedford,
sumaku imelala mapajani,
sikio nimelielekeza shuleni.