Neno la Kabla ya Kula

Ndege ya Kalemie, wamesema, itachelewa.
Kwa muda gani, hawakusema. Luano ni hivyo:
kipaza sauti hukohoa, kikanyamaza,
na watu hurudi kwenye mabegi yao kama kuku kwenye mayai.

Pembeni mwa duka la manukato
wamefungua mkahawa wa Kijapani.
Taa ya karatasi nyekundu, kaunta ya mbao laini,
na nyuma ya kioo, juu ya barafu, samaki
aliyepanda ndege mara nyingi kuliko mimi.

Nilikuwa na dola thelathini za dharura
zilizokunjwa nyuma ya kadi ya mpiga kura.
Nikajiuliza: dharura ni nini, Chola,
kama si hii?

Mpishi anaitwa Kisimba, mtoto wa Katuba.
Japani hajafika; hata Kinshasa, alisema, hajafika.
Alifunzwa na Mfilipino mmoja kule Kolwezi,
kwenye kantini ya mgodi. Kisu chake hakina haraka.
Anakata kama fundi cherehani
mwenye kitambaa cha watu mkononi.

Nami najitazama kwenye kioo cha kaunta:
macho haya. Shuleni Kasumbalesa waliniita Musoshi,
jina la mgodi. Halikuwa tusi,
ilikuwa anwani tu.
Baba alishuka shimoni pale kwa mkataba,
na mkataba ulipokwisha, naye akaisha.
Ilibaki picha moja: wanaume kumi na wanne,
kofia za chuma, wote wamekunja uso kwa jua.
Kila nilipomuuliza Mama ni yupi
kidole chake kilitua pengine.

Kwenye karatasi ya kutandikia sahani
kuna maandishi yao, kama njiti zilizomwagika,
na chini yake herufi zetu, sisi tusiojua:
ITADAKIMASU. Husemwa kabla ya kula.
Nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha nikaweka mikono chini.

Kwa sababu nyumbani, kila jioni,
bukari likifuka, kalembula kando,
na siku za mshahara makayabu,
Mama Kunda alifumba macho akasema: Tandakimasi.
Nasi watoto watano, wa baba wawili, tukaitikia: Tandakimasi.
Ndipo mikono ikaingia.
Nilidhani ni Kilamba cha bibi,
kile cha zamani ambacho hakuna anayekisema tena.
Nimewafundisha wanangu. Mjukuu wangu
hulisema kijiko kikiwa kimeshafika mdomoni.
Miaka arobaini tumebariki bukari
kwa lugha ya mtu ambaye uso wake hatuujui.

Nikachukua vijiti. Sitadanganya: mkono haukukumbuka kitu.
Damu haifundishi hayo.
Kimoja kikaanguka, kikabingirika
hadi chini ya begi la bwana wa forodha.
Kisimba akainama juu ya kaunta, akanong'ona
ili wageni wa mgodi wasisikie:
"Mama, wacha ile miti.
Kule kwabo hii banakulaka na mukono."

Basi nikalisema neno, si la kwenye karatasi,
letu, lenye matege,
nikala.
Wali baridi, umeshikana, una uchachu kidogo.
Samaki akayeyuka kabla sijaamua kama nampenda.
Vidole vitatu, vilevile alivyonionyesha Mama
kufinyanga tonge, vikabaki na harufu
ya bahari ambayo sijapata kuiona.

Kipaza sauti kikakohoa. Kalemie.
Nikawa nahesabu dola, Kisimba akauliza:
"Mama, mbele ya kula mulisema kitu. Ni luga gani?"

Nikamwambia ni Kilamba.

Akatikisa kichwa, akafuta kisu,
akanirudishia chenji ya franka,
noti laini, zimechoka, nyingi.