Sura ya Tisa

Nimetoka sinema mdomo umejaa bisi na lawama.
Liisbet ananiuliza, "Enhe?" Nami nafunga zipu ya koti hadi kidevuni,
maana nikianza hapa mlangoni, katika theluji hii ya Tartu,
tutakosa basi la mwisho.

Nikaanza.

Joka, nasema. Kitabuni hatulioni.
Tunalinusa tu: shaba iliyolowa, kama sarafu
zilizosahauliwa mfukoni mwa suruali iliyofuliwa.
Mwandishi alituachia giza, kila mtu alijaze kwa hofu yake.
Hawa wametuonyesha gamba kwa gamba,
wamelitia kope, jamani, na mng'aro wa gari jipya,
na kitu ukishakiona hadi kucha
kinakuwa mnyama tu. Unaanza kujiuliza anakula nini.

Na Bibi Druva! Yule mwenye jino moja na miguu ya kuvimba,
aliyevuka milima mitatu akilalamika njia nzima,
wamempa kiuno cha nyigu na upinde.
Analenga, hakosi. Hakohoi hata mara moja.
Nani kawaambia shujaa hawezi kuwa na baridi yabisi?

"Ila muziki," anasema Liisbet.
Muziki, ndiyo. Uliniambia mapema mno lini nilie,
kama jirani msibani anayekufinya paja.

(Nitasema kweli, kwa kuwa basi limechelewa:
pale Senka anapofumbua kiganja na ufunguo haumo,
na ukumbi mzima, watu mia mbili, tukaacha kutafuna,
pale kitabu hakikufika. Kitabu, nakumbuka, kilihitaji usiku mzima
kuueleza uso ambao yule binti aliutoa kwa kupepesa mara moja.
Nimesema. Usinikumbushe.)

Lakini sura ya tisa, Liisbet. Sura ya tisa wameitupa.
Usiku wa mvua kibandani, hakuna adui, hakuna utabiri,
watu watano wanatia viraka soksi zao.
Senka anamfundisha mwana wa mfalme kushika sindano,
naye anajichoma, anacheka, anainyonya damu,
na hapo ndipo unapojua huyu anaweza kupewa nchi.
Bila usiku ule, vita vyote vile
ni kelele za masufuria.

Nyumbani nikampigia Uku, kaka yangu, huko Turku
anakochomelea meli, mikono imejaa vikovu vya cheche.
Ndiye aliyenisomea, mimi miaka sita, yeye kumi na mitatu,
majira ya baridi ambayo umeme ulikatika kila jioni,
tochi ikining'inia kwenye msumari,
joka likinong'ona kwa sauti yake iliyokuwa ikivunjika,
mara nene, mara nyembamba kama birika linalochemka.
Hakuna mwigizaji atakayelifikia joka lile.

"Mimi nimeipenda filamu," akasema.
Nikanyamaza kidogo, kumwadhibu.
"Na sura ya tisa? Na soksi?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe hukuwahi kukisoma mwenyewe?"

Maktaba hufunguliwa saa nne.
Nakala ni ileile, mgongo umeshikwa kwa utepe,
na doa la nta ya mshumaa ambalo huenda ni letu.
Sura ya tisa: mistari mitatu ya mvua,
kisha panga, kurasa kumi na nane za panga,
mikono inayodondoka, farasi wanaolia kwa majina.
Hakuna sindano.

Mama alikuwa na zamu za usiku kiwandani mwaka ule.
Soksi zetu alishona Uku, kitabu magotini,
uzi kati ya meno, macho yakirukaruka
kutoka kwenye kisigino hadi kwenye ukurasa,
na kutoka kwenye ukurasa hadi kwangu.

Nikakiazima kitabu. Nimekisoma sasa, kwa macho yangu.
Bibi Druva ana meno manne, haya, nimekubali.
Lakini ukurasa wa mia mbili na tatu: shaba iliyolowa,
giza, na hakuna kope popote.
Kuhusu joka nilikuwa sahihi.